Beseni la Aristote

Jirani yangu anaitwa Clémentine, lakini hapa Kasongo hakuna anayemwita hivyo. Ni Mama Aristote, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na hata baada ya Aristote kufunikwa na udongo katika shimo la dhahabu upande wa Kabambare tuliendelea kumwita vilevile. Wengine waliona vibaya. Mwenyewe alisema tukiliacha jina hilo, mwanawe atakuwa amekufa kabisa.

Siku ya kuondoa matanga, mjomba mtu aligawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi. Shati na viatu vilikwenda kwa wadogo zake, na mama akapewa beseni kubwa la plastiki, la buluu, ambalo Aristote alilitumia huko machimboni. Aliliosha mtoni kwa majivu, mara moja, mbele ya ukoo, nalo likahesabiwa kuwa safi. Aliachiwa pia mjukuu, Cadette, binti wa Aristote, mtoto wa miaka minne, mwembamba hata nikawa naogopa kumtazama akikimbia.

Mama Aristote alikuwa na kuku. Chakula chao kilikuwa pumba za mahindi na dagaa waliosagwa, ila dagaa hutoka Ziwa Tanganyika kwa pikipiki, na mvua ikikata barabara hawaonekani. Ndipo Alain, agronomu, yaani bwana shamba, wa parokia, alipowafundisha akina mama kufuga mwani. Si ule wa baharini. Ni ukijani unaofanya maji ya dimbwi yawe na rangi ya sombe, kisamvu cha kwetu. Unatia maji na mbegu katika beseni juani, unakoroga asubuhi na jioni, yakiwa mazito unachuja kwa kitambaa, unaanika, unachanganya na pumba. Na kila mfugaji lazima awe na beseni moja lisilomwagwa kamwe, linaloitwa beseni mama, kwa sababu mbegu ya mengine yote hutoka humo.

Mama Aristote alichagua lile la buluu. Alitaka kitu cha mwanawe kisikauke.

Nilimcheka, nikasema sasa jirani yangu anafuga utelezi. Baada ya miezi mitatu niliacha kucheka. Kuku walitaga mfululizo, viini vya mayai vikawa na rangi ya mawese, na kila Jumapili mimi nilikuwa mlangoni pake na bakuli. Kila asubuhi Cadette alipata yai moja la kuchemsha. Bibi yake alimwekea kiganjani akimwambia, "Hii ni ya papa yako." Mtoto akajaa mashavu. Akina mama watano wa mtaa wakaja kuomba mbegu, naye akawagawia kwa chupa bila kudai kitu. Sijapata kumwona ana furaha kama mwaka ule, na inaniuma kuusimulia.

Kisha akaja Djafari. Huyu alichimba shimo moja na Aristote, na ndiye aliyemrudisha nyumbani kwa pikipiki, amefungwa katika turubai. Alikuja kusalimu na sabuni na sukari mkononi. Alipoona beseni la buluu limejaa ukijani aliuliza ni la nini, akaelezwa yote kwa majivuno. Hakuketi.

"Mama," akasema, "hii beseni ndiyo tulikuwa tunatia mercure ya kushika dhahabu. Ile sumu inaingia ndani ya plastiki. Haitoke na majivu."

Ni zebaki hiyo. Alieleza kwamba kule huishika kwa mikono mitupu, na kwamba wachimbaji wa siku nyingi hutetemeka vidole. Mama Aristote alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Cadette aliyekuwa anamenya yai lake. Akamnyang'anya. Mtoto alilia sana.

Kuuliza si ujinga, nawaambia wanafunzi wangu darasani kila siku, na mimi mwenyewe sikuuliza. Hakuna aliyeuliza. Kwetu kitu kilichooshwa mbele ya ukoo hakiulizwi tena.

Lililofuata linanitia aibu. Nilimshauri atupe beseni na anyamaze. Hakuna kuku aliyekufa, nikamwambia, na Kasongo nzima hakuna wa kupima zebaki. Akanijibu polepole: "Mwalimu, nilikulisha sumu mwaka muzima bila kujua. Sasa unataka nikulishe na kujua?"

Alasiri hiyohiyo alizunguka nyumba zote tano, akiwaambia wamwage mbegu mbali na maji na wasile mayai. Wawili walimshukuru. Mmoja alimwita mchawi anayelisha watoto wa wenzake vitu vya marehemu, na neno hilo hapa si la mchezo. Yeye akaenda nyumba iliyofuata.

Djafari alichimba shimo refu nyuma ya shamba la mihogo, mbali na kisima. Tulichinja kuku ishirini na watatu, tukawafukia pamoja na maji yote ya kijani, nusu ya mtaa ikisimama kutazama nyama ikizikwa. Beseni la buluu liliingia mwisho. Nilidhani Mama Aristote atalia. Hakulia, mimi ndiye niliyelia.

Muuguzi wa zahanati alisema hana chombo cha kupimia. Siku ndizo zitakazoonyesha. Tangu hapo kila jioni bibi humwambia Cadette anyooshe mikono mbele, naye huvitazama vidole vile kwa muda mrefu.

Mwezi uliopita Alain alileta mbegu mpya na beseni jipya, na ndugu mmoja wa Nyangwe akampa Mama Aristote tetea. Juzi tetea huyo akataga. Nilikuwepo yai lilipoepuliwa.

"Koko," Cadette akamwuliza bibi yake, "hii ni ya papa?"

"Hapana. Papa iko nalala. Hii ni ya kuku."

Mtoto akanyoosha mikono yote miwili kulipokea. Bibi yake alivitazama vidole kwanza, ndipo akampa.