Ndala Zilizotazama Barabara

Usiku ule nililala bila kumeza dawa ya presha, na sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeshinda kwenye kiti kile kile cha plastiki. Mkwe wangu Rehema alikuwa sokoni tangu asubuhi, mwanangu yuko kazini mkoa mwingine, na aliyenisemesha siku nzima ilikuwa redio. Nikaona dawa ya nini.

Nikamwota Pazi.

Niseme kwanza Pazi ni nani. Tulikutana hospitali, kwenye chumba cha mazoezi, wote tumepigwa na kiharusi, mimi upande wa kushoto, yeye wa kulia. "Tukiunganishwa," alisema siku ya kwanza, "anapatikana mzee mmoja mzima." Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, watani tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo hapakuwa na neno la kukatazana. Mtaalamu wa mazoezi alituambia tutembee kila asubuhi, tuache sigara, tupunguze chumvi, tusikatishe dawa hata tukijisikia wazima, ili kiharusi kisirudi. Pazi aliyashika hayo kama amri. Kila kulipopambazuka aligonga dirisha langu kwa mkongojo.

"Mnyamwezi! Mzigo!"

Nikitoka nakokota mguu, anaongeza: "Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo. Wewe unashindwa kubeba mguu mmoja, tena wako mwenyewe?"

Miezi mitatu nilitembea naye. Wa nne nikajiona nimepona. Nikarudia sigara, nikarudia samaki ng'onda wa chumvi, nikamfundisha Rehema kusema, "Baba ametoka." Pazi hakubishana naye. Alikuwa ameziona ndala zangu mlangoni. Aliinama, na kwa mtu wa hali yake kuinama si kazi ndogo, akazigeuza zitazame barabara, kisha akaenda zake peke yake. Mimi nilikuwa namchungulia kwenye wavu wa dirisha. Alifanya hivyo asubuhi nyingi.

Kiharusi cha pili kikanikuta kwenye kiti. Yeye hakikumrudia. Alikuja kuchukuliwa na homa ya mapafu, kwa siku nne tu.

Kwenye msiba wa Mzaramo, mtani ndiye anayelizuia jeneza njiani. Ndiye anayeiga mwendo wa marehemu na kumsema vibaya, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Mtani wa Pazi nilikuwa mimi. Sikwenda. Nilisema mguu unauma, lakini mguu haukuwa unauma, ulikuwa umelegea kwa kukaa. Niliona aibu kufikishwa kwa bajaji kwenye msiba wa mtu aliyekuwa akiniita nitembee.

Basi, katika ndoto nipo kwenye chumba cha mazoezi, kati ya vile vyuma viwili vya kushikilia. Mwanga ni wa asubuhi. Pazi amekaa mwisho wa vyuma, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, hana mkongojo. Namfuata hatua kwa hatua, na vyuma vinazidi kurefuka. Nikitazama mikono yangu, nimeshika mishikio ya jeneza. Ni jepesi, halina mtu. Hatupo hospitali tena, tupo kwenye njia ya makaburini, ile ya mlimani yenye udongo mwekundu, na mbele yangu na nyuma yangu hakuna mwingine aliyekuja kubeba.

"Pazi, mbona niko peke yangu?"

"Si uliwaambia umetoka."

Anatembea pembeni yangu kama kijana. Tunapita nyumbani kwangu. Mlango uko wazi, na ndani namwona mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki, anasikiliza redio. Ni mimi. Pazi anainama mlangoni kuzigeuza ndala, lakini vidole vyake vinapita kama anashika moshi. Anajaribu tena. Ananyanyua uso, na uso huo hauna mzaha.

"Mimi siwezi tena, ndugu yangu."

Hakuwahi kuniita ndugu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Sasa tuko juu, kaburini kwake. Anakaa pembeni ya udongo na kukunja miguu, kama mtu aliyefika mapema shughulini.

"Nilizikwa kama mgeni," anasema. "Hakuna aliyenicheka."

Anautazama mguu wangu wa kushoto, anautazama muda mrefu.

"Arobaini yangu bado wiki tatu. Njoo. Ila usije umebebwa."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, Rehema anapepea moto wa mkaa uani. Nilibaki kitandani nikitega sikio dirishani. Hakuna aliyegonga.

Nikameza dawa. Nikajivuta mpaka mlangoni, na ndala zilikuwa kama nilivyoziacha jana, zimetazama ndani. Nilishika fremu ya mlango kwa mkono mzima, nikainama, nikazigeuza kwa ule wa kushoto, mbovu. Ya kwanza iligeuka. Ya pili ilinitoa jasho.

"Baba! Unakwenda wapi?" Rehema alisimama na pepeo la moto mkononi.

"Makaburini. Kumtania Mzaramo."

"Mlimani kule? Kwa mguu huo?"

"Leo naishia kwenye nguzo ya umeme." Nikampa pakiti ya sigara iliyokuwa mfukoni. "Hii katupe chooni. Na mtu akija kuniulizia, mwambie nimetoka."