Kutafuta Upande wa Baba

Msiba wa baba yangu ulikuwa na upande mmoja. Ndugu wa mama walijaa uani, wakalia, wakapika. Wa baba hakuja hata wa kusingizia. Marehemu alikuwa akituambia tu, "Kwetu Iringa, ndugu walikwisha," na mwiko mmoja akatuachia: hatuli maini. Nimekua na wivu huo. Mtu akilalamika mbele yangu kwamba mashangazi zake wanamchosha, natamani nimzabe kibao.

Basi binti yangu, mtoto wangu wa pekee, akaposwa na kijana wa Iringa. Mimi nauza mchele hapa Chimala, na soko zima lilishajua. Wakwe walipokuja kujitambulisha nikawachinjia mbuzi, na maini nikawakaangia wageni, maana sisi hatuyagusi. Bibi wa kijana akaisogeza sahani pembeni taratibu.

"Samahani mama, kwetu hatuli maini."

"Eh! Hata sisi!" nikaropoka, na huu mdomo wangu. "Baba alitukataza."

Bibi akaacha kula. Akaniuliza baba yangu alikuwa mtu wa wapi, wa ukoo gani. Nilichojua kilikuwa Iringa tu. Akasema shemeji yake, kaka wa mumewe, alikufa akaacha mtoto wa kiume, mtoto akakua, akaenda Chunya kwenye dhahabu, hakurudi tena. "Mama, hawa watoto wasije wakawa ndugu. Tusimame kwanza."

Tusimame! Kwa sababu ya maini! Wageni walipoondoka binti yangu akajifungia chumbani, hali, hasemi. Nikamwapia mlangoni: "Nitaleta ushahidi kwamba si ndugu zetu, na huyo bibi atameza maneno yake."

Nikaenda Mbeya, parokia waliyofungia ndoa wazazi wangu. Kwenye kitabu cha ndoa, pembeni ya jina la baba, waliandika jina la baba yake na parokia aliyobatizwa, huko Iringa. Nikapanda basi, nikashuka Ipogolo, nikachukua bodaboda hadi parokiani. Katekista akanitolea kitabu cha wafu. Alipokuwa akifunua kurasa nikaomba, toba yarabi, naona aibu kusema, nikaomba babu yangu asionekane. Mimi niliyetamani ndugu maisha yangu yote, namwomba Mungu aninyime.

Akaonekana. Jina lake, kijiji chake, kafa kwa ugonjwa wa tumbo. Mwishoni, aliyeleta taarifa: mdogo wa marehemu. Na jina la huyo mdogo ni lile la mchumba wa binti yangu, aliyelirithi kwa babu yake, mume wa yule bibi. Kijiji kile kile walichojitambulisha nacho.

"Soma tena," nikasema.

"Mama, hata nikisoma kwa miwani ya askofu, maandishi ni haya haya."

Nikahesabu ukoo kwenye vidole. Baba yangu na baba wa kijana ni watoto wa ndugu wawili. Kijana ni mdogo wangu. Kwa binti yangu ni mjomba. Mjomba wake, jamani! Nililia pale ofisini mpaka katekista akatoka nje.

Nilitaka kudanganya. Nilifika Mlandege, mjini Iringa, kwa yule bibi wa kijana, na uongo wangu tayari mdomoni: vitabu vimeliwa na mchwa, hakuna kilichoonekana. Bibi hakuningoja niseme. Alinitazama macho yalivyovimba, akanishika uso kwa mikono yote miwili.

"Ni wetu," akasema. "Mjukuu wangu! Tulimlilia baba yako miaka yote, hatujui amezikwa wapi!"

Akanikumbatia, analia, ananukia moshi. Sijawahi kushikwa hivyo na mtu wa upande wa baba. Nilimshikilia kwa nguvu, na nilimchukia, na sikutaka aniachie. Wanawake wakaitwa, wakaja mashangazi, wake wa baba wadogo. Mmoja akanifunga kitenge kiunoni, mwingine akapiga kigelegele, wakaitikia nyumba nzima.

Simu ikaita. Binti yangu. Nikapokea, na kabla sijasema neno vigelegele vikapigwa tena.

"Mama? Mama, nawasikia! Wamekubali!"

Kisha naye, peke yake kule Chimala, akapiga kigelegele cha kwake.