Ugonjwa Niliomtungia Shemeji

Nilimpa shemeji yangu ugonjwa usio na dawa, mchana kweupe, mbele ya mke wangu, na nikacheka.

Ngojeni kwanza, msiite polisi.

Sisi Jumapili mchana tunacheza mchezo wa mezani. Kila mtu ana shujaa wake wa kubuni kwenye karatasi. Mimi nasimulia yanayowakuta, wao wanasema wanafanya nini, kete zinaamua kama wamefaulu.

Shemeji, dereva wa lori, ana shujaa anaitwa Chuma. Mke wangu ana mwizi mjanja. Jirani yetu nesi ana tabibu.

Shida ni huyo Chuma. Miaka miwili hafi! Nimemrushia majoka, moto, majeshi, shemeji anatupa kete, anatoka kidedea, halafu anatamba wiki nzima. Roho iliniuma, kusema kweli.

Nikasema poa, panga limeshindwa, tujaribu maradhi.

Mimi ni fundi saa. Nikakaa na daftari dukani kati ya mteja na mteja, nikatunga. Chuma amekunywa maji ya kisima kilicholaaniwa. Kiu haimwishi. Anakula kama kawa, lakini anakonda. Macho yana ukungu. Nyayo zinawaka moto. Wiki ya sita, kwaheri.

Sikufungua kitabu chochote. Dalili zilikuja zenyewe, nikajiona nina kipaji cha hatari.

Wiki ya tatu Chuma hawezi hata kuinua ngao. Shemeji kanywea, mtu aliyezoea kuniita mzee wa saa mbovu sasa ananiita kaka. Nilisikia raha, acha tu.

Nikaendelea kusimulia, chupa ya tatu ya maji mkononi. Nikasema Chuma kaenda tena kukojoa kichakani, mara ya nne tangu waanze safari.

Mke wangu akaangua kicheko. Akasema huyo Chuma amekuwa kama mimi kabisa, maana suruali zangu ameshazipunguza kiuno mara mbili.

Tukacheka wote, isipokuwa nesi.

Ilikuwa zamu yake. Tabibu wake alitakiwa arushe kete ili ajue Chuma anaumwa nini. Akaziweka pembeni, akaniuliza macho yalianza lini kuwa na ukungu.

Nikajibu chap, bila kuangalia daftari. Mwezi uliopita, nilidhani ni ile lenzi yangu ya kazini imechakaa.

Nesi akanikazia macho.

"Fundi," akasema taratibu, "nimekuuliza habari za Chuma."

Akatoa kipimo kwenye mkoba wake. Mimi nikaanza kubwabwaja kwamba niko mzima, tusiharibu mchezo. Mke wangu hakubishana, alinishika mkono akauweka mezani kama anaweka sahani.

Kidole kikatobolewa. Kimashine kikasoma kumi na tisa.

"Sukari hiyo," nesi akasema. "Iko juu sana. Tunaenda hospitali sasa hivi."

Niliogopa, sitawadanganya. Daftari lilikuwa wazi mbele yangu, na kwa mwandiko wangu mwenyewe palikuwa pameandikwa wiki ya sita. Nikamuuliza kwa sauti ya mtoto kama kuna dawa.

"Ipo. Aliyesema haipo ni wewe."

Shemeji ndiye aliyetupeleka. Tukiwa kwenye foleni ya daktari alinishika bega, machozi yanamlengalenga. Nikajua ananipenda kumbe.

"Pole sana, kaka," akasema. "Sasa Chuma anapona?"

Nikasema anapona. Ningesemaje?

Leo ni mwezi wa tano tangu siku ile. Nakunywa dawa, soda naitazama kwa mbali, saa naziona vizuri. Chuma yuko hai na shemeji anatamba kuliko mwanzo, anamwambia kila mtu kwamba shujaa wake aliugua kwa niaba yangu. Na mara hii siwezi kumbishia.

Kwa hiyo, nyie wenzangu mnaotunga michezo: ukiona dalili zinakujia kirahisi mno, funga daftari ukapime.