Nilificha Kitambulisho cha Nyanya, Akadhani Kichwa Kimeharibika

Makosa ni yangu. Sitamsingizia shetani, wala sitasingizia ukosefu wa kazi, ingawa nitautaja.

Nyanya yangu ana miaka sabini na mbili. Tunamwita Kukhu. Tangu nimalize chuo ninaishi naye Busibwabo, karibu na mpaka wa Uganda, wawili tu, na kila asubuhi yeye ndiye alikuwa anaenda kazini, mimi nabaki kufagia. Aibu gani hiyo! "Bwana yangu wa digrii," alinitania akijifunga kitambaa kichwani, "leo usichome maharagwe."

Kazi yake ilikuwa kununua na kuuza vitenge; siku nyingi alivuka mpaka hadi soko la karibu tu. Akina mama wa chama chao cha kanisa, wengi umri wa mama yangu, walimchagua awe ndiye wa kwenda Kampala kuwanunulia mzigo. Kukhu alilelewa ng'ambo ile, anaongea Kiganda kama mwenyeji, na hakuna muuzaji anayemweza. Nilimsindikiza mara moja. Kijana mwenye duka alishika kichwa, akamwita nyanya kwa Kiganda: "Jjajja, unataka nilale njaa!"

"Lala leo," Kukhu akamwambia. "Kesho nitakuletea wateja ushibe."

Bei ikashuka.

Sasa mimi ni mtu wa kuwaza. Nikisikia lori limeanguka barabarani, moja kwa moja naona ni basi lake. Nilikesha kwenye simu nikisoma mambo ya presha na mifupa ya wazee. Nilimwomba apumzike. Akacheka. "Nipumzike nimechoshwa na nini?"

Lakini niseme ukweli wote. Siku moja pale steji ya Bumala mtu wa boda alinipigia kelele: "Boss! Nyanyako anavuka mpaka, wewe unavuka nini? Ua wa kuku?" Watu wakaangua kicheko. Nilicheka nao. Nilifika nyumbani ndani ninaungua.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya safari ya Krismasi, mzigo mkubwa kuliko yote ya mwaka. Asubuhi, Kukhu akiwa anaoga, nilifungua mkoba wake nikatoa kitambulisho. Soko la ng'ambo hapa karibu unaweza kuvuka bila kuulizwa sana, lakini Kampala ni mbali, bila kitambulisho hasafiri. Nilikificha ndani ya bahasha ya cheti changu cha digrii. Nilijiambia ni safari hii moja tu.

Alitafuta. Alimwaga mkoba kitandani, akainua godoro, akarudi kwenye mkoba uleule. Wenzake wawili waliokuja kumchukua walikuwa wamesimama mlangoni.

"Mama, uliweka wapi?" mmoja wao akauliza.

"Hapa. Mimi huweka hapa."

Akanigeukia. "Bwana yangu, hujakiona?"

Nikasema, Mungu anisamehe, "Kukhu, labda ni umri. Hata juzi ulisahau maji kwa jiko yakakauka."

Hakusahau! Maji yale niliyasahau mimi!

Alikaa kitandani polepole. Akawaambia wenzake, "Nendeni. Aende mwenye kichwa kizima."

Siku ya tatu nilikirudisha mkobani, mfuko uleule, nikidhani nimemaliza. Msomi mzima, mjinga hivyo! Mfuko huo alikuwa ameupekua mara nne. Alipokiona hakufurahi. Alikigeuzageuza mkononi. "Kumbe kilikuwa hapa, na macho yangu hayakuona."

Jumapili hiyo alisimama mbele ya chama akaiacha kazi mwenyewe. Hata soko la karibu akaacha. Akaanza kuniuliza leo ni siku gani. Akanipa ufunguo nimshikie, kisha simu, kisha kitambulisho chenyewe. "Kaa nacho wewe, una akili ya kijana." Nilikipokea! Sikuwahi kumwona nyanya yangu akiwa mzee mpaka nilipomzeesha mimi.

Nilikaa na siri hiyo wiki sita, nikipanga maneno na kuyapangua. Mwishowe yalinitoka mchana, tukichambua mboga. Nilingoja anipige. Hakunipiga.

"Kilikuwa kwako?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Na yale maji?"

"Ni mimi."

Akaiweka mboga chini. "Kwa hivyo kichwa changu ni kizima?"

"Ni kizima."

Aliniuliza hilo mara tatu. Mara ya tatu alikuwa analia.

Ameanza kuvuka tena, lakini anaishia soko la hapo ng'ambo. Safari za Kampala walishampa mwingine. Nilitaka kwenda kuwaambia wale akina mama ukweli, akanikataza. "Watakuita mwizi, na bado hujapata kazi." Kwa hivyo mpaka leo wanamwongelesha polepole, kama mtoto, na yeye anavumilia kwa ajili yangu.

Kitambulisho sasa anakifunga kwenye pindo la leso, kiunoni. Nikiingia chumbani, mkono wake unaenda pale wenyewe. Na haniiti tena bwana yangu. Ananiita kwa jina.

Wewe uliye na mzee aliyekataa kukaa chini, nakuomba, mwache atembee. Ukiogopa, mwambie unaogopa. Kama ni wivu kama wangu, kubali ni wivu, utafute chako cha kufanya. Lakini usimwambie mtu amesahau, na kitu chake umekificha wewe.