Niliziandikia rupia za Mayu Mbuke "fifi": kosa la karani wa pamba enzi za soko huria

Wakuu, heshima kwenu.

Nimeona uzi wa jana wa kijana anayetafuta mnunuzi wa rupia za babu yake, nikaona nisikae kimya. Haya yamenitokea mwenyewe. Daktari alishanikataza chumvi, kwa hiyo hata hapa siongezi.

Kwanza, wale matapeli wa "rupia inavuta mchele", pisheni. Mmeshawaliza watu wengi. Mimi nazungumzia sarafu za kawaida za fedha, zinazokaa kwenye kitambaa na hazivuti chochote.

Turudi nyuma.

Miaka ya tisini, soko huria limeshaingia. Simiyu haijawa mkoa, sisi wa Bariadi tulikuwa bado watu wa Shinyanga. Nilikuwa karani wa chama cha msingi upande wa Lagangabilili, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kupanga daraja la pamba.

Mkulima anamwaga mzigo, nachota kiganja, naangalia. Ikiwa nyeupe naandika safi. Ikiwa na madoa au majani naandika fifi. Bei ya fifi ilikuwa ya kusikitisha.

Wakuu, nilikuwa na kiburi. Mtu kalima, kapalilia, kavuna, halafu mimi namaliza habari yake kwa neno moja na kalamu narudisha sikioni.

Zikaja kampuni binafsi na mizani yao mpaka mlangoni kwa mkulima, pesa mkononi. Chama kikakosa pamba, mwisho kikakosa na karani. Nikarudi nyumbani na kitabu kimoja cha risiti ambacho hakuna aliyekumbuka kunidai.

Nikakaa miezi napiga miayo.

Siku moja mnadani, pale Bariadi, nikamsikia mchuuzi wa ng'ombe akisema kuna sonara Mwanza ananunua sarafu za zamani, za Mjerumani na za Mwingereza. Nikasimama wima. Vijijini kwetu zilikuwepo! Wazee walizichimbia kwenye vyungu, wengine waliwavalisha watoto shingoni.

Mtaji sina. Nilichokuwa nacho ni maksai wawili wa kulimia.

Nikamweleza mke wangu, Mama Kulwa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Sawa, Baba Kulwa, uza. Ila mvua ikianza na maksai hawajarudi, plau utavuta wewe, mimi nitashika mpini nyuma."

Mnaomjua Mama Kulwa mnajua hakuwa anatania.

Nikauza. Nikaanza kuzunguka vijiji, Lagangabilili mpaka Shishiyu, na baiskeli na makopo mawili.

Sasa angalieni akili ya karani wa pamba. Kopo moja nikaliita safi, la pili fifi! Sarafu inayong'aa naiweka kwenye safi, nalipa bei nzuri. Sarafu nyeusi naiweka kwenye fifi, nalipa nusu. Tena nikawa nawafundisha watu: sugua kwa majivu na ndimu, ukiileta inang'aa nakuongezea.

Watu wakasugua kweli. Kuna mzee alisugua rupia mpaka yule Mjerumani aliyechorwa juu yake, mwenye kofia yenye sanamu ya ndege, akapoteza masharubu. Nikampongeza.

Ndipo akaja Mayu Mbuke. Mayu kwetu Wasukuma ni mama, na huyu alikuwa mama mtu mzima, mjane, mkulima wa siku nyingi kwenye chama chetu. Akafungua kitambaa, ndani rupia saba, nyeusi tii. Baba yake alizipata kwa kuwabebea Wajerumani mizigo.

Nikamwambia, "Mayu, kazisugue kwanza."

Akakataa. "Baba alinipa zikiwa hivi. Nami nakupa hivi hivi."

Nikasema basi, ni fifi. Nikamlipa ya fifi.

Akazihesabu zile noti polepole, akaniangalia, akaniita mwanangu kwa Kisukuma. "Ng'wanawane, pamba yangu kila mwaka fifi. Leo na hela ya baba nayo fifi?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Nikaenda Mwanza. Sonara alikuwa mzee wa Kihindi mzaliwa wa Malampaka, Kisukuma chake kinawashinda watoto wangu. "Mwangaluka, baba," akanisalimu, nami nikamwaga kopo la safi mezani kwa madaha.

Akazichambua kama anachambua mchele. Zile shilingi za Mwingereza zenye simba, zinazong'aa, karibu zote akazirudisha kwangu. "Hizi ni za mwisho za mkoloni, hazina madini ya fedha ndani. Ndiyo maana haziingii weusi."

Nikazirudisha koponi.

Akaja kwenye rupia zilizosuguliwa. Akashika moja, akaishusha. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi ndiye niliyewaambia."

"Hii ilikuwa na uso, baba. Sasa imebaki uzito. Nitakulipa uzito."

Uzito wote, rupia zote zilizosuguliwa, ulitosha maksai mmoja. Mmoja tu! Nikaona nira shingoni mwangu waziwazi.

Kwa aibu nikamwaga na kopo la fifi, lililobaki na zile saba tu, maana wengine wote walishasugua. Mzee akavaa miwani. Akazisogeza rupia saba za Mayu Mbuke pembeni kwa ncha ya kidole, moja moja, akizishika kwenye kingo tu.

"Aliyezitunza hizi nani?"

Akanieleza kuwa fedha halisi huingia weusi, na weusi ule ndio wakusanyaji wanaoutaka, maana unaonyesha sarafu haijachezewa. Bei aliyotaja kwa zile saba ingenirudishia maksai wa pili na hela nyingi ikabaki.

Hapo wakuu nisiwadanganye. Mkono ulikuwa tayari unapokea. Nilinunua kihalali, bei tulikubaliana, nani angejua?

Lakini maneno ya yule mama yalinirudia. Si ya rupia. Ya pamba.

Naandika hapa kwa tabu kidogo. Si kila fifi niliyoandika ilikuwa fifi. Jioni nimechoka, foleni ndefu, nachota kiganja bila kuangalia vizuri. Na kwa mjane asiye na mtu wa kumtetea, fifi ilikuwa rahisi kuandika, maana hakuna wa kubisha. Pamba ya Mayu Mbuke sikumbuki hata siku moja niliiangalia kwa haki.

Nikamwomba sonara anisubiri kwa bei ile ile, nikapokea pesa ya uzito, nikarudi na zile saba.

Nyumbani nilifika na hela ya maksai mmoja. Mama Kulwa akanitazama mabegani, mnajua mtu anavyopima mnyama mnadani. Nikamweleza yote, na rupia nikamwonyesha. Akakasirika, akazunguka nyumba mara mbili, akarudi.

"Za yule mama mpelekee. Mimi siwezi kulima na maksai wa wizi."

Nikaenda. Nikamkuta Mayu Mbuke anapepeta mtama uani.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu.

Nikamwambia ukweli, kwamba zile nyeusi ndizo zilizokuwa nzuri na mimi ndiye niliyekuwa sijui. Akaendelea kupepeta. Baadaye akauliza bila kuniangalia:

"Na pamba?"

Nikajibu, "Na pamba, mayu. Si mizigo yote. Lakini mingine ilikuwa safi."

Akaweka ungo chini. "Nilijua. Nilikuwa naichambua kwa mkono wangu, jani moja moja."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alisema nikauze sita tugawane nusu kwa nusu, kwa sababu mimi ndiye ninayemjua mnunuzi, na moja ibaki kwake. Nikataka kukataa nusu yangu, naye habari ya maksai wangu ilishamfikia, akasema, "Mkeo atalimia nini?"

Kisha akauliza, "Kile kitabu chako cha risiti unacho bado?"

"Kipo."

"Niandikie."

Nikakitoa kwenye mfuko wa baiskeli. Nikaandika jina lake kamili, mzigo: rupia saba, daraja: safi. Nikatia sahihi kama zamani. Yeye hakujua kusoma, akaniuliza, "Lipi ndilo safi?" Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya lile neno, akakiacha hapo muda.

"Wabeja, ng'wanawane," akanishukuru.

Machozi yalinitoka, sitaki kuficha.

Mvua ilipoanza maksai walikuwa wawili zizini. Na kwa Mayu Mbuke bati jipya lilionekana toka barabarani. Biashara niliendelea nayo miaka mingi, safari hii kwa adabu: nauliza kwanza imetoka wapi, nashika kingo, na mwenye mali namwambia ina thamani gani kabla sijatoa hela. Faida ilipungua kidogo, ila watu walianza kunifuata wenyewe mpaka kutoka Kalemela.

Mayu Mbuke alifariki akiwa mzee sana. Msibani mjukuu wake wa kike akaniita pembeni, akafungua kile kile kitambaa. Rupia moja nyeusi, na karatasi iliyokunjwa mpaka inataka kukatika.

Akaniambia, "Wageni wakija, bibi alikuwa anaanza kuwaonyesha karatasi. Rupia inafuata."

Watu wameshamfuata yule binti na hela nzuri. Hauzi.

Kwa hiyo kijana wa uzi wa jana, usisugue. Weka majivu yako mbali, funga kwenye kitambaa kikavu, tafuta anayejua, na babu yako akiwa hai muulize alizipataje kabla hujauliza bei.

Wengine semeni, kwenu sarafu za wazee ziliishia wapi? Mkinisema vibaya pia ni sawa, nimeshazeeka.

Na kama mama yako au bibi yako aliwahi kusimama kwenye foleni yangu akarudi nyumbani na fifi, niandikie jina lake hapa. Kile kitabu bado kina kurasa.