Fundi niliyemsifu hapa alinyamazisha breki yangu kwa kipande cha tube

Wakuu, sasa. Hii si ya kusikia kwa watu, imenipata mimi na pikipiki yangu, na sitaongeza chumvi kwa sababu haihitaji.

Mwezi jana nilimsifu fundi mmoja wa hapa Nakuru kwenye jukwaa hili. Niliandika kwamba ndiye fundi pekee mjini mwenye akili, na kuna watu waliniomba namba yake nikawatumia. Leo nayameza hayo maneno mbele yenu, bila maji.

Kwa wasionijua, mimi ni mwanamke na kazi yangu ni AI, kupandisha ng'ombe bila fahali. Nazunguka Njoro, Elburgon hadi Mau Narok, mtungi wa nitrogen wa kuhifadhi mbegu umefungwa nyuma ya pikipiki ya 150cc yenye breki ya drum mbele. Mkulima akinipigia kwamba ng'ombe yuko joto, nina masaa machache tu. Nikichelewa, anangoja wiki tatu zingine.

Sasa mbele ikaanza kugonga. Ko. Si kila wakati. Ukiteremka na kushika breki, ko. Ukiachilia, ko tena.

Fundi wa kwanza yuko karibu na stage ya boda ya mtaani kwetu. Nilifika na helmet mkononi, akaangalia nyuma yangu kwanza.

"Mwenye nduthi ako wapi?"

"Ni mimi."

"Sawa mathe. Mzee akikuja mwambie hizo ni shock."

Alikuwa amebonyeza handle mara mbili tu. Hakupiga magoti, hakugusa gurudumu, hakuuliza chochote. Akabadilisha oil ya shock na seal zake. Nikatoka pale, kona ya kwanza, ko.

Fundi wa pili alimcheka wa kwanza. Hiyo ndiyo sifa kuu ya mafundi wetu, kumcheka aliyetangulia. Yeye akasema ni cone set, zile bearing za steering. Akaweka mpya, akakaza mpaka handle ikawa nzito kama ya trekta. Ko ilibaki palepale. Nilipomrudia akasema shida ni vile nakaa, eti wanawake hukaa mbele sana. Nikachukua helmet yangu nikaenda kwa mwingine.

Wa tatu ndiye huyo wenu. Mpole, overall safi, anakuita madam. Alitoa gurudumu la mbele, akaenda nalo nyuma ya kibanda, akarudi akaniambia, "Madam, jaribu sasa."

Kimya. Nilienda mpaka Kiamunyi na kurudi nikishika breki kama mwendawazimu, kimya kabisa. Ndipo nikaja hapa kuwaandikia zile sifa. Nikamtuma hata Koech, mwenzangu wa AI upande wa Molo, ambaye pikipiki yake ni kama yangu na ilikuwa inagonga vilevile.

Sikumuuliza fundi amefanya nini. Huo ni ujinga wangu, msinionee huruma. Ng'ombe akiacha kulia ghafla siondoki bomani bila kujua kwa nini, lakini pikipiki ilipoacha nililipa nikasema asante.

Wiki iliyopita asubuhi nateremka kutoka Mau Narok, mtungi nyuma, mkulima ananingoja Njoro. Nashika breki ya mbele, lever inaingia laini kuliko kawaida, kitu kinapasuka huko chini, na handle inavutwa mikononi mwangu. Niliogopa wakuu. Nilisimama kwa breki ya nyuma na gear, nikampigia mkulima kwamba nitachelewa.

Nikaenda polepole hadi Njoro kwa Mzee Wafula, ambaye hutengeneza trekta na chochote chenye bolt. Nilimsimulia habari ya wale watatu, naye akafanya kitu ambacho wao hawakufanya. Aliuliza.

"Hii inalia ukifanya nini?"

"Nikishika breki."

"Na ukipita bumps bila breki?"

"Hapana."

"Sasa shock zilikosea wapi?"

Aliinua mbele, akashika miguu ya shock akaivuta na kuisukuma. Hakuna kucheza, steering ni nzima. Akaishusha, akabonyeza bila breki. Kimya. Kisha akaniambia nishike breki ya mbele nikisukuma pikipiki mbele na nyuma. Ko. Akaniambia niweke kidole pembeni mwa gurudumu, yeye akasukuma, na nikahisi kisahani cha breki kinacheza.

Hicho kisahani ndicho hubeba brake shoes. Kina mfereji, na mguu wa shock una jino linaloingia humo ili kisizunguke na gurudumu. Mfereji wangu ulikuwa umelika ukawa mpana, ndiyo maana jino lilikuwa linagonga. Tulipotoa gurudumu kikaanguka kipande cha tube, kimekatwa kwa mkasi vizuri kabisa, kimetafunwa. Jamaa alikuwa amejaza pengo kwa mpira. Na lile jino lilikuwa na ufa hadi nusu.

"Hii ikikatika, breki inazunguka na wheel," Mzee Wafula akasema. "Cable inajifunga, wheel inashika. Wewe unapita juu ya handle, na huo mtungi unakufuata."

Akaweka kisahani kipya na mguu mpya wa shock. Masaa mawili.

Nilirudi kwa fundi wa tube nikamwekea kile kipande mezani. Hakushtuka hata kidogo. "Lakini madam, si ulisema unataka inyamaze?"

Na kweli nilisema hivyo. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Koech alikuwa hashiki simu, nikamfuata hadi Molo. Nilimkuta kwa boma la mkulima akiosha gumboots. Nikamweleza, akacheka. "Yangu iko sawa, haijawahi lia tena." Nilitoa gurudumu lake mimi mwenyewe kwa spana yangu. Mpira ukaanguka, rangi ileile. Jino lake halikuwa na ufa bado.

Akaugeuza ule mpira kiganjani. "Sasa si itaanza kulia?"

"Itaanza."

"Basi urudishe kwanza, Chebet. Wakulima wakisikia hiyo kelele wataona niko na nduthi mbaya."

Niliutupa kwa choo cha mkulima. Amenuna, lakini ameagiza kisahani kipya, na mpaka kifike anatumia breki ya nyuma.

Nilichojifunza ni kwamba usimlipe fundi kabla hajakuonyesha kilichoharibika. Kama hawezi kukuonyesha kwa kidole, hajakijua, au amekificha.

Sasa comment ni zenu, nitukaneni mkitaka, nimestahili. Lakini kwanza nina jambo. Ukiondoa Koech, watu watatu walichukua namba ya huyo fundi kwangu na wakasema wameenda. Nimewaandikia inbox wote. Mmoja amenitumia picha ya mpira wake. Wawili hawajajibu tangu Jumanne.