Hati ya Mzee Awadhi na Simu ya Kwamsisi

Grasiana hakumwamini mtu, na hilo hakulificha. Katika steshenari yake karibu na stendi ya Korogwe, skrini ya kompyuta ilitazama ukuta. Mteja akianza kutaja neno lake la siri kwa sauti, alikatwa kauli: "Andika mwenyewe, mimi nageuka." Na kweli aligeuka, akatazama kalenda mpaka aambiwe tayari. Kopi zilizoharibika alizichoma nyuma ya choo, akasimama palepale mpaka ziishe kuungua. Watu walimcheka, lakini siri zao walimpelekea yeye.

Kompyuta yenyewe, hiyo aliiamini kupita kiasi. Ikimuuliza jambo wakati foleni imefika mlangoni, alibonyeza "Ndiyo" ili swali limwondokee machoni. Nihifadhi? Ndiyo. Niunganishe na vifaa vyako vingine? Ndiyo. Mwanamke ambaye hakuthubutu kumwachia jirani ufunguo wa duka hata kwa dakika kumi za kwenda sokoni, aliikubalia mashine kila kitu bila kusoma.

Chumba cha duka walikipanga wawili, yeye na Munira, fundi cherehani, mwaka wa tisa huo. Munira alikaa mlangoni penye mwanga, maana macho yake hayakuona vizuri tena vitu vya karibu. Kila asubuhi alinyoosha mkono wenye sindano bila kusema neno, na Grasiana akamtungia uzi. Yalikuwa kama maamkizi yao ya pili.

Mwezi wa tano akaja mzee Awadhi kutoka Kwamsisi. Angeweza kuchapiwa kazi yake Handeni, lakini kule alifahamika mno.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "nataka hati ya hiba. Shamba langu la michungwa nampa binti yangu Zena, maana ndiye anayeniuguza. Kaka zake wakijua kabla sijakaa na mashahidi, hilo shamba halimfikii."

"Hapa haitoki, mzee wangu."

Akaiandika mtandaoni, kwenye akaunti yake mwenyewe, kama alivyoandika kazi zake zote, kwa sababu umeme ukikatika kazi ya mtandaoni haipotei. Akachapa nakala tatu. Mzee akazikunja, akazitia mfuko wa ndani wa koti, akaondoka kwenda Mashewa kumwona nduguye kabla ya kurudi kwake.

Baada ya wiki moja alirudi dukani. Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Grasiana zaidi. Alisema amefika nyumbani akakuta wanawe wameshakaa kikao, hati wanaijua mpaka idadi ya michungwa. Zena amefukuzwa, yuko kwa shangazi yake Mnyuzi.

"Karatasi sikumwonyesha mtu," alisema. "Nataka tu kumjua aliyesema."

Grasiana aliona aibu. Mzee alipoondoka, macho yake yalitua mlangoni. Mama yake Munira si alizaliwa hukohuko Kwamsisi? Na siku ile Munira si alikuwepo, kainamisha kichwa kama hasikii? Tangu hapo hakuacha kumchunguza. Munira akiongea na wajomba zake kwenye simu kwa Kizigua, Grasiana, Mshambaa wa watu, alishika nusu ya maneno na nusu nyingine akaijaza mwenyewe. Munira akicheka, alimcheka yeye. Munira akinyamaza, ana lake moyoni.

Akaamua kumtega. Aliandika barua ya uongo kwamba anauza kiwanja cha marehemu baba yake kilichoko Mashewa, akaichapa, akaiacha juu ya meza ya Munira, chini ya mkasi, kama mtu aliyesahau.

Kesho yake mchana simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, Petro, aliyeoa Kwamsisi na ambaye ana kibanda cha kuchaji simu huko.

"Dada, kiwanja cha baba unakiuza bila hata kuniambia?"

Hakumuuliza amejuaje. Ya nini kuuliza, na mtego umenasa? Alikata simu, akamgeukia mwenzake.

"Mama Iddy, tafuta mahali pengine. Mdomo wako umeniharibia jina."

Munira aliinua macho kutoka kwenye cherehani. "Mdomo wangu umesema nini, mama Jacob?"

"Unajua mwenyewe."

Munira akaanza kukunja vitambaa vyake. Jioni ileile cherehani yake ilikuwa kwenye baraza la duka la ng'ambo ya barabara. Kitu cha mwisho alichokishika ni ile karatasi. "Hii ilikuwa chini ya mkasi wangu," alisema. "Nadhani ni yako." Grasiana aliipokea, na moyoni akamsifu kwa ujuzi wa kujifanya hajui.

Jumamosi Petro akaja mwenyewe, amenuna, kudai maelezo ya kiwanja. Grasiana alimwambia kiwanja hakiuzwi, kisha akamketisha. Alitaka shahidi wa kumpelekea mzee Awadhi.

"Sema ukweli. Nani alikuambia?"

"Si wewe?"

Petro akatoa simu mfukoni. Ilikuwa simu ya zamani ya Grasiana, yenye ufa kwenye kona, aliyompa Krismasi iliyopita vilevile ilivyokuwa, na akaunti yake ndani. Juu kabisa paliandikwa: endelea na ulichofungua kwenye kompyuta. Chini yake, barua ya kiwanja.

"Mbona huwa unanitumia vitu humu," Petro alisema. "Barua za watu za kazi, matokeo ya mitihani. Ile ya mzee Awadhi nikaona ni nzito, nikawaita wanawe nikawasomea. Nilidhani mzee amekutuma uifikishe."

Grasiana aliichukua simu, akashuka nayo chini kwa kidole. Majina ya wateja wake yalikuwa humo, na kando ya kila jina neno la siri ambalo kompyuta ilikubaliwa kulihifadhi, yote yale aliyoyageukia kalenda ili asiyaone. Miezi mitano yamekuwa yakikaa kibandani Kwamsisi, kwenye simu ambayo kila aliyekuja kuchaji aliweza kuiazima.

Aliiondoa akaunti mle palepale. Kisha akampigia mzee Awadhi, akamwambia kwamba aliyesema ni yeye mwenyewe, akaeleza namna ilivyokuwa. Mzee akauliza, "Sasa Zena nimwambieje?"

Akavuka barabara. Munira alikuwa anapinda gauni, na mwenye gauni amekaa pembeni anamsubiri. Grasiana alisimama mbele yake akasema yote, mtego na simu na Petro, bila kujipunguzia kosa. Alitamani kutukanwa.

Munira alimaliza uzi, akaukata kwa meno.

"Karatasi ile ningeisomaje, mama Jacob? Hata uzi ulikuwa unanitungia wewe."

Grasiana akanyoosha mkono aipokee sindano. Munira akampa mwenye gauni amtungie uzi.